Kumkana mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa: kabla ya DNA, hesabu siku zako

#1 Karani Mstaafu (mleta uzi)

Wakuu, salaam zenu.

Kila mara unafunguliwa uzi wa mwanamume anayeuliza, "Nimebambikiwa mtoto, nifanye nini?" Majibu hujaa kurasa, na karibu yote ni neno moja: DNA. Nimekaa masjala ya mahakama miaka mingi, na mafaili ya ndoa na watoto ndiyo yaliyokuwa meza yangu. Nimeona jinsi neno hilo moja linavyomtuma mtu mahakamani akiwa amechelewa, na hajui kuwa amechelewa.

Nianze na faili moja ambalo halijanitoka. Alikuja bwana mmoja ameishika bahasha ya maabara kwa mikono miwili. Majibu yalisema wazi kuwa yeye si baba. Mtoto alikuwa na miaka saba. Bwana yule aliandika kiapo chake mwenyewe, bila wakili, na kwenye aya ya nne akasema: "Tangu mtoto akiwa na miaka miwili nilijua si wangu, lakini nilivumilia kuinusuru ndoa yangu." Aliandika kwa uchungu, akitaka hakimu aone alivyostahimili. Sheria iliyomhusu ilihesabu muda tangu siku mume alipojua. Upande wa pili ulisoma aya ile moja tu, ukakaa. Maombi yakatupwa kwa kupitwa na muda, na ile bahasha haikujadiliwa hata dakika moja.

Kwa hiyo naomba leo tuongee habari ya siku pamoja na habari ya damu.

Wazee walisema kitanda hakizai haramu. Wengi huuchukua msemo huo kama maneno ya kumtuliza mume mwenye wasiwasi, lakini ndivyo sheria inavyofikiri karibu dunia nzima. Mwanamke akizaa akiwa kwenye ndoa halali, sheria inamhesabu mume kuwa ndiye baba, bila kumuuliza, bila kipimo, bila sahihi yake. Warumi wa kale walikuwa nayo kanuni hii: baba ni yule ambaye ndoa inamwonyesha. Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872 iliiwekea idadi ya siku, na maneno yake yakasafiri hadi nchi nyingine zilizotawaliwa na Mwingereza. Kenya wanayo kwenye kifungu cha 118 cha Sheria ya Ushahidi: mtoto aliyezaliwa ndoa ikiwa hai, au ndani ya siku 280 baada ya ndoa kuvunjika na mama hajaolewa tena, ni mtoto halali wa mume huyo, isipokuwa ithibitike kwamba wawili hao hawakuwa na nafasi ya kukutana wakati mimba ilipoweza kutungwa.

Someni tena hapo: nafasi ya kukutana. Mume anasema, "Tulikuwa tumenuniana, kila mtu na chumba chake." Mahakama inauliza: nyumba ni moja? Ufunguo mnao wote? Basi nafasi ilikuwepo. Aliyekuwa gerezani mwaka mzima, au baharini, au nchi nyingine na pasipoti yake inaonyesha, huyo ana la kusema. Ugomvi hautoshi.

Mnaona ni ukatili? Kumbukeni sheria hizi zilitungwa wakati hakuna binadamu aliyeweza kuthibitisha nani baba. Alama za vinasaba, yaani hiyo DNA, zimeanza kusomwa mwaka 1984, na Alec Jeffreys, pale Leicester, Uingereza. Kabla yake palikuwa na kundi la damu, ambalo linaweza kumtoa mtu kwenye orodha lakini haliwezi kumthibitisha. Uingereza kwenyewe, tangu hukumu ya Lord Mansfield ya 1777, mume na mke hawakuruhusiwa hata kutoa ushahidi kwamba hawakukutana, ikiwa ushahidi huo ungemfanya mtoto kuwa wa nje ya ndoa. Kanuni hiyo ilidumu hadi 1949. Ilikuwa bora mtoto abaki na baba wa karatasi kuliko abaki bila baba, kwa sababu mtoto wa nje ya ndoa hakuwa na urithi, na watu hawakumhesabu.

Leo kipimo kipo, na nchi zimegawanyika. Uingereza, kwa sheria ya 1969, dhana hii kwamba mume ndiye baba inaangushwa kwa ushahidi wenye uzito kuliko wa upande wa pili, basi. Ujerumani mume ana miaka 2 ya kwenda kukana, tangu alipojua mambo yanayomtia shaka. Ufaransa, ukimlea mtoto kama wako mbele ya watu kwa miaka 5 mfululizo tangu azaliwe, na jina lako liko kwenye cheti, wewe umeshafungiwa mlango. Japani walitoa mwaka 1 tu tangu mume ajue mtoto amezaliwa, na kuanzia Aprili 2024 wameongeza kuwa 3. Na ni Japani hiyohiyo ambako mwaka 2014 Mahakama ya Juu ilikataa kuondoa ubaba wa mume ingawa DNA ilionyesha baba wa damu ni mwingine, kwa hoja kwamba mtoto anahitaji hadhi isiyoyumba.

Kwa hiyo kabla hujatafuta maabara, tafuta sheria ya nchi yako inasema una muda gani, na unahesabiwa tangu lini: tangu kuzaliwa, tangu kuandikishwa, au tangu kujua. Hayo matatu yametofautiana sana. Urusi ilikuwa na mwaka mmoja tangu mume ajue kuwa kuzaliwa kumeandikishwa, hata kama shaka ilimjia baadaye. Mwaka 2005 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikasema hapana, huwezi kumfungia mtu mlango kabla hajajua kuwa upo. Lakini mahakama hiyohiyo imekubali mara nyingi kwamba kuweka ukomo wa muda, wenyewe kama wenyewe, si kosa. Mtoto naye ana haki ya kujua yeye ni nani bila kusubiri mtu mzima aamue lini atamkana.

Karibuni tuchangie. Naomba tusitukane wanawake humu, wala tusiwadhihaki waliobambikiwa.

#2 Mpita Njia

Ahsante kwa darasa, mzee. Swali langu fupi. Cheti cha kuzaliwa kina jina langu, na mimi sikuwepo siku ya kuandikisha. Nikienda kwa msajili nikakataa, hawawezi kulifuta?

#3 Karani Mstaafu

Hawawezi, kijana wangu. Msajili aliandika jina lako kwa sababu ya ndoa, na ndoa ndiyo sheria iliyomruhusu. Akishaandika, kufuta kunahitaji amri ya mahakama. Na wale wanaokubaliana na mke kimyakimya waandike jina la mwanamume mwingine wakati ndoa bado ipo, wajue kutoa taarifa za uongo kwa msajili ni kosa la jinai karibu kila mahali. Nimeona faili lililoanza kama la ubaba likaishia kuwa la kughushi.

#4 Mkunga

Mimi ni mkunga. Naomba niingie kwenye hizo hesabu za siku, maana ndiko ninakoona ndoa zinavunjika bure.

Mume amesafiri miezi mitatu. Amerudi. Wiki sita na nusu baadaye mke anapimwa kwa ultrasaundi, karatasi inasema "ujauzito wa wiki 8". Mume anahesabu vidole, anaona wiki moja na nusu zimezidi, na usiku huohuo nyumba inawaka moto. Ukweli ni kwamba sisi hatuhesabu mimba tangu siku mliyokutana. Tunahesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na mimba hutungwa takriban wiki mbili baada ya hapo. Wiki 8 za karatasi ni kama wiki 6 za mimba yenyewe. Mke huyo hana kosa lolote, mimba imetungwa mume akiwa ameshafika nyumbani.

Hata zile siku 280 za sheria aliyoitaja mzee ni hesabu yetu hii, wiki 40 tangu hedhi. Tangu mimba kutungwa ni kama 266.

Halafu kipimo chenyewe kina kukosea kwake. Kikifanywa ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, kinaweza kupishana siku 5 hadi 7. Kikifanywa miezi ya mwisho, kinaweza kupishana wiki tatu au zaidi, kwa sababu wakati huo tunapima ukubwa wa mtoto, na watoto hawalingani ukubwa. Mtu asiniletee karatasi ya mwezi wa nane kama ushahidi wa usaliti.

Mtoto akizaliwa kabla ya wiki 37 ni njiti. Kuna watu wanazaa "miezi saba" na mtoto ana kilo 3 na zaidi, hapo naelewa mume akishtuka, na mimi mwenyewe ningeangalia tarehe upya. Lakini kushtuka si kuthibitisha. Tarehe ya hedhi inakosewa kila siku, na mama wengi hawaandiki.

Kundi la damu nalo mnalitumia vibaya. Wazazi wote wawili wakiwa O, mtoto wa kundi A au B hatarajiwi. Mwenye AB hatarajiwi kuzaa mtoto wa O. Yako mazingira adimu yanayovunja kanuni hiyo, na yako makosa ya kuandika kundi kwenye kadi, ambayo si adimu hata kidogo. Lipimeni upya kabla hamjaitana majina. Na likilingana halithibitishi chochote, kwa sababu mamilioni ya watu wana kundi hilohilo.

Kuhusu sura na rangi naomba msiniulize. Watoto wachanga hubadilika rangi ndani ya wiki chache, na wengine wamefanana na bibi mzaa baba ambaye hakuna aliyemwona akiwa mchanga.

#5 Ustadh wa Zamu

Bismillah. Kwa ndugu zetu Waislamu naongeza kidogo, kwa sababu wengi wanaenda kwa kadhi wakidhani watapewa fomu ya DNA.

Hadithi ni wazi: mtoto ni wa kitanda. Mume anayetaka kumkana mtoto wa ndoa yake, njia aliyowekewa ni liani, iliyotajwa kwenye Suratun Nur, aya ya 6 hadi ya 9. Anaapa mara nne kwa Mwenyezi Mungu kwamba anasema kweli, na ya tano anajitakia laana ya Mwenyezi Mungu ikiwa ni mwongo. Mke naye anaapa mara nne kwamba mume ni mwongo, na ya tano anajitakia ghadhabu ya Mwenyezi Mungu ikiwa mume ni mkweli. Baada ya hapo wanaachanishwa, na kwa kauli ya wanazuoni wengi hawarudiani milele. Mtoto anakatwa nasabu kwa yule mume na anaunganishwa na mama yake. Hairuhusiwi kumwita mtoto huyo wa zinaa.

Mambo mawili watu huyasahau. La kwanza, muda mdogo kabisa wa mimba wanazuoni wameutoa kwenye Qurani yenyewe: kubeba na kunyonyesha ni miezi thelathini (Al-Ahqaf 15), kunyonyesha kamili ni miaka miwili (Al-Baqara 233), inabaki miezi sita. Aliyezaa baada ya miezi sita ya ndoa, mtoto ni wa mume. La pili linalingana na maneno ya mleta uzi. Anayepokea pongezi za mtoto, akaitikia dua, akakaa kimya akijua, wanazuoni wengi wanasema haki yake ya kumkana imeanguka. Ukimya wake umekuwa ni kukiri.

Liani si jambo la kukimbilia. Nimekaa kwenye vikao ambako mume alifika kwenye kiapo cha tano akanyamaza, akaondoka bila kukimaliza.

#6 Dada Mkubwa

Naona uzi wote unaongelewa na mume kama ndiye peke yake anayetaka kukana. Mimi ni mke. Tuliachana bila talaka, mume alihama, kesi ya talaka ikavutwa. Nikapata mtoto na mtu mwingine, na mtu huyo yupo, anamtaka mwanawe, anamlea. Sheria inaniambia mtoto ni wa mume ambaye sijamwona miaka miwili. Mume hajibu hata simu. Kwani mimi siwezi kwenda mahakamani kusema ukweli ninaoujua kuliko mtu yeyote?

#7 Karani Mstaafu

Dada, pole, na ahsante kwa kulileta. Nililiruka na sikupaswa kuliruka.

Kwa muda mrefu nchi nyingi zilimpa mume peke yake haki ya kukana. Mama na baba wa damu walionekana kama watu wasio na la kusema. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimkatalia mwanamume aliyekuwa na kipimo cha damu kinachoonyesha yeye ni baba kwa uwezekano wa zaidi ya asilimia 98, kwa sababu mama alikuwa na mume. Mwaka 1994 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikaihukumu Uholanzi kwa kumzuia mama aliyeachana na mumewe kwa miaka mingi asiweze kuthibitisha kuwa mtoto ni wa mwenzake mpya. Mahakama ilisema hali halisi ya maisha ya watu inapaswa kuishinda dhana ya karatasi, iwapo dhana hiyo haimsaidii mtu yeyote. Mwaka 2024 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani nayo ikasema sheria iliyopo inambana mno baba wa damu, ikaagiza bunge liirekebishe.

Japani ndiko lilikoumiza zaidi. Mtoto aliyezaliwa ndani ya siku 300 baada ya talaka alihesabiwa wa mume wa zamani. Wanawake waliowakimbia waume wapigaji waliona bora wasiandikishe mtoto kabisa kuliko aandikwe kwa jina la yule mtu na yeye ajue walipo. Watoto wakakua bila kumbukumbu yoyote ya kuzaliwa. Mabadiliko ya 2024 yalitokana na watoto hao, na sasa mama na mtoto pia wanaweza kupinga.

Kwa hiyo jibu lako liko kwenye sheria ya nchi yako: nani ameruhusiwa kuomba. Pengine ni wewe, pengine ni baba wa damu, pengine ni mtoto kupitia mtu wa kumwakilisha. Katika hali yako ushahidi wa kutengana ndio wenye nguvu: mkataba wa nyumba nyingine, kesi ya talaka na tarehe yake, watu waliokuwa wanaishi na wewe. Na ukimya wa mume haukuzuii. Mahakama inaweza kuendelea bila yeye ikiwa ameitwa kihalali na hakuja.

#8 Nanga

Nimesoma toka juu. Naandika mkono unatetemeka.

Mtoto wangu ana miaka minne. Miezi mitano iliyopita tuligombana na mke wangu, akasema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, kwamba nalea damu ya mwenzangu. Kesho yake akaomba msamaha, akasema alikuwa na hasira. Tangu siku hiyo silali. Nina mswaki wa mtoto kwenye mfuko wa nailoni, nimeuficha. Nataka kuupeleka maabara, na mke hajui. Nikipata majibu mabaya nitampeleka mahakamani. Nishaurini.

#9 Karani Mstaafu

Nanga, mwanangu, usiupeleke huo mswaki leo. Nisome mpaka mwisho kwanza.

Mswaki uliofichwa mfukoni hauna njia ya kuthibitisha ulitoka mdomoni mwa nani. Maabara itakupa majibu ya mswaki, haitakupa majibu ya mtoto. Mahakama inataka mnyororo: nani alichukua sampuli, mbele ya nani, vitambulisho gani vilionyeshwa, bahasha ilifungwa saa ngapi, nani aliifungua. Ukikatika popote, majibu yanakuwa karatasi tu. Pia uangalie sheria. Ufaransa kupima nje ya amri ya mahakama ni kosa lenye kifungo cha hadi mwaka 1 na faini. Ujerumani, mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ilikataa kipimo cha siri kisitumike kama ushahidi, lakini ikaliambia bunge litengeneze njia ya halali kwa mume mwenye shaka. Mwaka uliofuata ikapatikana: mume anaweza kudai kipimo ili ajue tu, bila kukata ubaba. Tanzania wana sheria ya vinasaba vya binadamu ya 2009 inayosimamia nani achukue na nani apime, na Sheria ya Mtoto ya mwaka huohuo inaipa mahakama uwezo wa kuagiza kipimo.

Hapo kwa Wajerumani kuna jambo nataka ulishike. Kujua ni ombi moja. Kukata ubaba ni ombi jingine. Watu wengi waliopita mezani kwangu walitaka kujua, na kwa sababu hakuna aliyewatenganishia mambo hayo mawili, walijikuta wameomba kukata. Amri ikitoka, jina linaondoka, urithi unaondoka, haki ya kumwona mtoto inaondoka. Nimemwona mwanamume ameshinda kesi, kisha miezi minne baadaye anakuja kuuliza kama kuna fomu ya kuomba kumtembelea mtoto. Hakuwa na fomu ya kujaza. Alishathibitisha mwenyewe kwamba yeye si mtu wake.

Sasa la muda. Siku mke alipotamka yale maneno inaweza kuwa ndiyo siku yako ya kuanza kuhesabu. Iandike tarehe hiyo leo, kwenye daftari, na uandike alichosema. Miezi mitano imeshaliwa. Nenda kwa wakili, mwulize swali moja kabla ya yote: ukomo wangu ni lini? Usiandike ujumbe wa simu kwa ndugu ukisema "nimejua siku nyingi". Ujumbe huo utasomwa mahakamani.

Usiache kumtunza mtoto wakati unasubiri. Mpaka amri itoke, wewe ni baba, na deni la matunzo linaendelea kujikusanya. Ulichokwisha kulipa miaka minne usitegemee kurudishiwa, nchi nyingi hazirudishi. Usimtaje mwanamume mwingine kwenye hati kwa kuhisi. Mahakama ikiagiza kipimo na mke akakataa, huwa haimkamati kwa nguvu, lakini inaweza kuchukua kukataa kwake kama jibu. Sheria ya Uingereza ya 1969 inasema hivyo waziwazi. Na ujiandae kwamba mahakama inaweza kukukatalia kipimo. India mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilisema mtoto asipimwe DNA kila mara wazazi wanapogombana kuhusu uaminifu, kwa sababu yeye hayumo kwenye ugomvi huo.

#10 Mkunga

Niongezee la kipimo chenyewe. Wanachukua ute wa ndani ya shavu kwa pamba, haumi. Wanalinganisha sehemu kumi na tano, ishirini au zaidi za vinasaba. Kila sehemu mtoto amepokea nakala moja kwa mama na moja kwa baba. Sehemu moja ikigoma hawakutoi kwenye ubaba, maana vinasaba hubadilika vyenyewe mara chache. Zikigoma kadhaa, wewe si baba. Zikikubali zote, karatasi inasema asilimia 99.99 na kitu. Haitasema 100. Kama kuna ndugu yako wa kiume anayeshukiwa, waambie maabara kabla, hasa pacha wa kufanana, kwa sababu kipimo cha kawaida hakiwatenganishi. Na mama naye apimwe, hesabu inakuwa na nguvu zaidi.

Jambo jingine, Nanga. Usipime maisha yako kwa takwimu za maabara zinazozagaa mitandaoni. Wanaokwenda kupima ni wale ambao tayari wana shaka. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa 2005 yalipata kwamba watoto ambao baba anayedhaniwa si baba wa damu ni wastani wa kati wa asilimia 3.7, na tafiti za koo huko Ulaya magharibi zimepata kama asilimia 1 kwa kila kizazi.

#11 Jani la Mwisho

Sijawahi kuchangia humu. Mimi nilikuwa mtoto huyo.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Waliniambia tunakwenda kupima malaria. Nikashangaa kwa nini wananichukua mate badala ya damu. Baba alikaa kiti cha pili kutoka kwangu, na kwa kawaida alikuwa anakaa karibu yangu. Ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli, alikuwa anashika kiti kwa nyuma na kukimbia. Wiki tatu baadaye hakurudi nyumbani. Hakuna aliyeniambia kitu. Niliambiwa na mtoto wa jirani, kwa tusi.

Sisemi alikosea kutaka kujua. Nimeshakuwa mtu mzima na ninamwelewa. Alidanganywa na aliumizwa, na hakuna mtu aliyemwomba radhi. Ila mahakamani kulikuwa na wakili wake na wakili wa mama. Mimi sikuwa na mtu. Nilisoma hukumu nikiwa na miaka ishirini na mbili, jina langu limeandikwa mara arobaini, na hakuna pahala wameandika kwamba niliulizwa.

Mleta uzi, mtoto anaweza kuwa na wakili wake?

#12 Karani Mstaafu

Anaweza, na ilipaswa iwe hivyo kwako. Sheria nyingi za watoto sasa zinairuhusu mahakama kumteulia mtoto mwakilishi, au kumwagiza ofisa wa ustawi wa jamii aandike taarifa baada ya kukaa na mtoto. Lakini mara nyingi haifanyiki mpaka mtu aombe. Mwombaji anaweza kuomba. Mama anaweza kuomba. Wakili yeyote mwenye utu anaweza kusimama akasema, "Mheshimiwa, mtoto hana mtu hapa." Miaka yote niliyokaa masjala nimelisikia ombi hilo mara chache mno, na leo umenifanya nione aibu kwamba sikuwa namwambia kila aliyekuja dirishani.

Pole sana, mwanangu. Ahsante kwa kuandika.

#13 Nanga

Nimesoma #11 mara tatu.

Nimetupa mswaki. Tarehe nimeiandika, ilikuwa Jumapili. Wakili namwona keshokutwa, na nimeandika maswali mawili tu: ukomo wangu ni lini, na je, naweza kuomba kujua bila kuomba kukata. Kama jibu la pili ni hapana, nitakaa na mke wangu kabla sijasaini chochote. Nikisaini, ombi la kwanza litakuwa mtoto apewe mtu wake.

Hivi sasa amelala. Kesho ni zamu yangu kumpeleka shule.